Ndani ya Sekunde Saba

Saa tatu na dakika chache asubuhi, Reino Wiitala alitia kichwa mlangoni mwa studio, theluji ikimdondoka kwenye kofia, akauliza swali lililoonekana dogo.

"Lorna, mbona leo kahawa umeitangaza mara mbili?"

Lorna Kangas alisogeza hedifoni kutoka sikio moja. Habari za taifa zilikuwa zinaingia kwa dishi kutoka makao makuu, na maiki yake ilikuwa imezimwa. "Mara mbili wapi? Nimesema saa moja, kama kila siku."

"Saa moja nimekusikia. Na sasa hivi tena, nikiwa pale ofisini. 'Wapendwa, sasa ni wakati wa kahawa.' Umemkatiza msomaji wa habari bila hata samahani."

"Mzee, acha mzaha. Maiki imezimwa."

"Mzaha na mimi wapi na wapi? Nimetoka kufagia dishi, vidole sivisikii."

Kwa wasikilizaji wa redio ile ya umma, kahawa ya Lorna ilikuwa kionjo cha mtangazaji waliyemzoea kwa miaka kumi na tisa. Ukweli walikuwa nao watu wawili tu, yeye na mama yake. Mama huyo, Bi Helmi, alikuwa na miaka themanini na moja na sukari ilikuwa imemmaliza macho yote mawili. Siku za kazi alishinda peke yake nyumbani kando ya ziwa, redio mezani, na karibu na redio kiboksi cha sindano za insulini ambazo Lorna alimjazia kila Jumapili. Saa ya kuongea aliikataa, alisema ina sauti ya karani wa benki. Alitaka sauti ya mwanawe. Basi walikubaliana kwamba Lorna akisema hewani ni wakati wa kahawa, mama anajichoma sindano moja kisha anakula: mara moja saa moja asubuhi, mara moja saa saba mchana. Wilaya nzima ilikuwa inakunywa kahawa kwa saa ya Bi Helmi bila kujua.

Lorna alinyanyua simu akapiga nyumbani.

"Mama, umechoma sindano ngapi?"

"Mbili. Umesema mara mbili, nimechoma mara mbili. Nikajiuliza huyu leo ana nini, lakini mambo ya daktari unayajua wewe."

Sindano moja zaidi ingeweza kumlaza mama yake asiamke tena. "Mama, nisikilize. Kula mkate wa iliki, paka jemu nyingi. Na usichome tena mpaka nifike, hata ukisikia redio inasema."

"Redio si ndiyo wewe?"

"Leo si mimi."

Papo hapo Lorna aliisikia redio ya jikoni kwao kupitia simu. Yeye alikuwa amesimama studio, mdomo umefumba, na kule jikoni sauti yake ilikuwa inacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani, ikisema, "Mama, huyo kwenye simu simjui. Kata."

"Sasa mko wawili," Bi Helmi alinong'ona. "Nimsikilize nani?"

"Mimi, Mama. Mimi hapa."

"Kata simu, Mama," ilisema redio, kwa upole.

Simu ikakatika. Lorna alipopiga tena haikuita. Mkono wa simu ulikuwa umewekwa pembeni. Alipogeuka alimkuta Reino bado yupo mlangoni, anaitazama mashine ya kuchelewesha.

Mashine hiyo haikosekani katika kituo kinachopokea simu za watu. Humeza kila neno linalosemwa studio na kukaa nalo sekunde saba kabla ya kulirusha, ili mpiga simu akitukana, kitufe kibonyezwe na tusi lifie humo humo. Ya kwao ilikuwa ya mtumba. Reino, fundi pekee wa kituo na mpokea simu pia, aliifunga Jumatatu, baada ya kuletwa kutoka kituo kimoja cha kaskazini kilichokufa.

"Nilipoitoa kwenye boksi ilikuwa na joto," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu wa tatu mle ndani. "Imelala ghalani msimu mzima wa baridi, halafu ina joto, kama kitanda mtu amekitoka sasa hivi. Nikajiambia ni uzee."

"Na mtangazaji wao?"

"Aliacha kazi. Walisema ni koo."

Wenyeji wa upande ule wa ziwa hawana jina la kitu kama hiki, na hata wangekuwa nalo wangeona aibu kulitaja mbele ya bodi ya kituo. Mimi niliyelelewa na bibi aliyeyajua majini kwa koo zao naliita jini, wala sioni haya. Lilikuwa limekaa ndani ya zile sekunde saba, baina ya mdomo wa Lorna na masikio ya watu, mahali ambapo hakuna anayelinda.

Reino alichomoa waya wa mashine ukutani. Taa yake ya kijani haikuzimika. Alichomoa nyaya zote za nyuma, moja baada ya nyingine, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa studio, na kutoka redio ya ofisini sauti ya Lorna ikaendelea kutaja shule zilizofungwa kwa sababu ya theluji, bila kukosea hata moja. Halafu ikasema, "Na sasa, wapendwa, ni wakati—"

Lorna aliruka kwenye maiki, akawasha, akasema neno la kwanza lililomjia: "Viazi."

Ofisini, redio ilisema viazi. Ile nyingine ilikuwa imenyamaza.

"Endelea," Reino alimwambia kwa ishara ya mikono. "Ukiongea, kinanyamaza. Endelea."

Basi akaendelea. Alieleza namna ya kuhifadhi viazi kwenye baridi, huku Reino akimwandikia kwenye karatasi na kumwinulia. Polisi nimewapigia, watakwenda kwa mama yako barabara ikifunguliwa. Majirani zenu wamekimbia baridi, wapo Florida. Watangazaji wenzako wote wamekwama. Dishi limezikwa, habari za taifa zimekatika, hewani uko wewe peke yako. Kisha karatasi ya mwisho: Napanda mlimani kuzima mtambo wa kurusha matangazo. Usinyamaze.

Kuzima mtambo katikati ya dhoruba, wakati watu wanategemea redio kujua wakimbilie wapi, ni jambo ambalo Reino hakuwahi kulifanya kwa miaka arobaini. Mganga wetu huyu hakuwa na kitabu wala ubani. Alikuwa na spana mfukoni na viatu vya kutembelea kwenye theluji. Alifunga kofia chini ya kidevu akatoka.

Saa nne Lorna alifanya kipindi cha mjadala bila wageni, akajiuliza maswali na kujijibu. Taa za simu ziliwaka zote sita, wasikilizaji wakitaka kujua kulikoni, lakini hakuthubutu kumpokea hata mmoja, maana mpiga simu akiongea yeye angelazimika kunyamaza. Alisema na mama yake waziwazi, wilaya nzima ikisikia: "Mama, sukari ya kutosha imo mwilini mwako? Kula tena. Usichome. Zima redio, Mama. Vuta waya utoke ukutani, tafadhali." Hakuwa na njia ya kujua kama mama yake amefanya hivyo. Saa tano alisoma matangazo ya vifo, akasoma na ya juzi, akasoma maelekezo ya kizima moto kilichoning'inia ukutani, akataja watoto wote aliosoma nao darasa la nne na nani alikuwa akimvuta nani nywele.

Koo lilianza kukwaruza. Maji yalikuwa ofisini, hatua kumi na mbili kutoka kiti chake, na hakuweza kuyafuata.

Ndipo kwenye hedifoni alisikia pumzi isiyokuwa yake. Ilikuwa karibu sana, yenye unyevu, ikivuta alipovuta na kutoa alipotoa, na aliposimama kidogo tu kumeza mate, katika upenyo ule mwembamba ambao msikilizaji wa kawaida asingeutambua, sauti yake mwenyewe, ambayo sasa ilikuwa nzuri na laini kuliko iliyobaki kooni mwake, ilisema neno moja.

"Mama."

Lorna alirukia maneno tena, akasimulia harusi ya binamu yake, ngazi ilivyovunjika na keki ilivyoanguka, akisema haraka bila nukta, lakini mtu ni mtu na mapafu yana mwisho, na alipovuta pumzi sauti ilisema, "Sasa." Akaelewa kinachofanyika. Kilikuwa kinajenga sentensi, neno moja kwa kila pumzi yake, na hakikuwa na haraka yoyote, kilikuwa kimejikalia kikimsubiri, na yeye akaanza kuongea huku akivuta hewa kwa pua, maneno yakitoka yamekwaruzika, hayana tena sauti bali mkwaruzo, akitaja siku za wiki, miezi, vituo vya mafuta vyote kutoka pale hadi mpakani, machozi yakimtoka kwa kuchoka na kwa hasira, akimwona mama yake akilini akiwa pale mezani na mkono juu ya kiboksi, na kila alipokwama, hata kwa kikohozi, lile likaweka tofali lake: "Ni." Harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa imemwingia mdomoni akaionja. "Wakati." Alishika meza kwa mikono yote miwili akaendelea, Jumatatu, Jumanne, akiona rangi nyekundu na nyeusi mbele ya macho, Jumatano, Alhamisi, kifua kikimwaka kwa kukosa hewa, Ijumaa, na hakuweza, akavuta. "Wa," ilisema sauti yake, tamu kabisa, likabaki neno moja.

Taa nyekundu juu ya mlango ilizimika. Hedifoni zikafa. Redio ya ofisini ikabaki na mvumo mtupu, na dirishani, juu mlimani, taa za mnara hazikuwaka tena. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi.

Lorna alilaza kichwa mezani akalia. Alitaka kusema asante, kwa Reino, kwa Mungu, kwa yeyote, akafungua mdomo, ikatoka hewa tupu. Alijaribu tena. Hakukuwa na hata mkwaruzo.

Reino alishuka uso umemgeuka mwekundu kwa baridi. Alipomwona anashika koo alielewa. "Itarudi," alisema tu. "Twende kwa mama." Waliingia kwenye pikapu yake wakafuata nyuma ya gari la kusukuma theluji lililokuwa linafungua barabara, polepole mno kwa roho ya Lorna, na saa tisa walikuwa uani.

Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Bi Helmi alikuwa amekaa wima mezani, hai, makombo ya mkate na jemu kifuani. Redio ilikuwa imezimwa. Waya wake ulikuwa umechomolewa na kukunjwa vizuri juu ya kitambaa cha meza. Lakini blauzi ya mama ilikuwa imepandishwa, na sindano iko mkononi, bado imejaa.

"Helmi, weka hiyo chini," Reino alisema, akaichukua kwa nguvu.

"Reino? Siku hizi hubishi hodi?"

Lorna alikuwa ameshapiga magoti, amemkumbatia mama yake kiunoni. Bi Helmi alishtuka kwa baridi ya yale mavazi.

"Na huyu nani?"

"Ni Lorna huyo, Helmi."

"Lorna nipo naye hapa tunaongea tangu asubuhi. Aliniambia nichomoe waya, nikachomoa, tukaendelea."

Lorna alifungua mdomo. Mama, mama, mama. Hewa.

Kutoka redio isiyo na umeme sauti yake ilijibu, mbichi, ile ya saa kumi na mbili alfajiri. "Ni mtu wa kukusaidia kazi, Mama. Hasemi, lakini ni mwema."

Bi Helmi alinyoosha mikono akamshika Lorna uso, akapitisha vidole kwenye nyusi, puani, kidevuni, taratibu. Lorna alivishika vile vidole akavibusu.

"Anafanana na wewe," alisema Bi Helmi.

"Watu husema hivyo," sauti ilijibu.

Reino alinyakua redio, akafungua mlango, akaitupa mbali kwenye theluji, akarudi akafunga mlango na kuuegemea kwa mgongo, anahema. Bi Helmi aliinua kichwa, anasikiliza, uso umeanza kuingiwa na hofu ya mtu aliyeachwa peke yake.

"Lorna?"

"Nipo, Mama," ilisema sauti, kutoka upande wa kabati ambako hapakuwa na kitu. "Mikono inakutetemeka. Mwambie akukatie mkate."

Uso wa mama ukatulia. Alimpapasa Lorna begani, kwa upole, kama mtu anavyomfanyia mgeni asiyemjua vizuri. "Umesikia, binti?"

Mikono ilikuwa inatetemeka kweli, sukari inashuka kwa zile sindano mbili za asubuhi. Lorna aliinuka, akachukua kisu, akamkatia mama yake mkate.