Aliye Mbele ya Moto

Saa sita mchana, mtaa wa wahunzi ukiwa umefurika watu, binti mmoja mwenye gauni la kijani na viatu vyeupe visivyofaa kabisa kwa masizi yale alisimama akaelekeza kamera juu ya tanuri la watu.

"Dada, mwenye tanuri niko huku," mhunzi alimwambia huku akijifuta jasho.

"Sikutaki wewe, kaka. Naitaka hewa yako. Ona inavyocheza juu ya moto!"

"Miaka kumi niko hapa, hakuna aliyewahi kunisifia hewa."

Binti alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichommaliza mhunzi.

Kazi yake binti ilikuwa kuunganisha picha za filamu. Moto ambao hakuna aliyeuwasha, yeye huuwasha kwenye kompyuta. Safari hii alipewa picha ya kijana aliyesimama mbele ya nyumba inayoungua, na alitakiwa aifanye hewa ionekane ina joto. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Akiiharibu, mwongozaji angempa mtu mwingine.

Walipeana namba, na wiki mbili simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nashiba sauti yako."

"Muongo wewe, nasikia unatafuna!"

Kisha binti akamtumia kazi yake aione. Mhunzi alipiga simu akiwa hoi kwa kicheko. "Huyu jamaa ana homa? Mbona anatetemeka mwili mzima?"

"Wiki mbili sijapumzika, na wewe unanicheka?"

Simu ikakatwa, na kwa siku tatu haikupokelewa. Mhunzi alikosa raha, na ilimstahili. Kasoro aliiona kweli, ila mdomo wake ulikuwa mwepesi mno. Siku ya nne alivaa shati lililonyooshwa vizuri, akaenda studio.

"Nisamehe, kipenzi. Nilicheka badala ya kukueleza. Tazama."

Kwenye simu yake, mama yake mzazi alikuwa amesimama mbele ya tanuri, na ng'ambo ya moto limetundikwa shuka la mistari. Mistari ilipindapinda, mama ametulia tuli.

"Joto linatikisa kilicho nyuma yake tu. Aliye mbele ya moto hatikisiki."

Binti alijishika kichwa. Alikuwa ameitikisa picha nzima!

"Nitumie hii video."

"Sawa, ila angalia mwanzo tu."

Alimtenga yule kijana, akamweka juu ya picha, mtikisiko akauachia ukuta wa nyuma: mkali karibu na ndimi za moto, ukififia kadiri unavyopanda. Mwongozaji aliangalia mara mbili, akafungua kifungo cha shati. "Hii inapita," alisema.

Ndipo binti, kwa furaha, akaiacha video ya mhunzi iende mpaka mwisho. Sauti ya mama ilisikika: "Mgongo unaniungua kwa ajili ya huyo msichana. Utamuoa au humuoi? Sitoki hapa mpaka unijibu!" Hapo video ikazimwa.

Binti alimpigia mhunzi papo hapo.

"Mama kakuuliza swali, wewe ukazima video."

Mhunzi aliweka nyundo chini. "Nilitaka nikuulize wewe kwanza."

"Si uniulize basi!"

"Utakubali nikuoe?"

"Mwambie mama mkwe atoke kwenye moto."