Patipati za Mama

Maji ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga pale Mwihoko hutoka saa kumi na moja alfajiri. Mama ndiye aliyekuwa akienda kuyateka mferejini. Patipati yake ya kushoto ilikuwa imekatika kamba, akaifunga kwa waya. Alipotembea ilisikika chap, chwii, chap, chwii. Niliizoea sauti hiyo hata nikaacha kuisikia.

Mama alifariki mwezi wa Machi. Wiki mbili baada ya mazishi, nikiwa nimelala nyuma ya pazia lililogawa chumba chetu, niliisikia tena. Chap, chwii. Ilipita mlangoni, ikaelekea mferejini, ikarudi. Nilijifunika blanketi gubigubi. Kulipokucha nilichungulia chini ya kitanda cha Baba. Patipati zilikuwa mahali pake, zimelowa.

Ikawa hivyo kila siku. Sikumwambia mtu. Darasani nilisinzia, mwalimu akaniita mara mbili kabla sijaitika. Jumamosi moja, Baba alipokwenda dukani, nilizishika kwa ncha za vidole nikazitumbukiza katika gunia la taka. Nzioki, mzoa taka wetu, akalipakia mkokotenini akaenda zake.

Baba aliporudi aliuweka mtungi tayari kwa maji ya alfajiri, akainama chini ya kitanda. Akainua hata godoro.

"Lynn, umeona patipati za mamako?"

"Sijaziona, Baba."

Akaketi sakafuni, machozi yakamtoka. Sikuwa nimemwona akilia, hata siku ya mazishi.

"Nimezitupa," nikasema. "Zinatembea zenyewe alfajiri. Nazisikia kila siku."

"Wuui, mwanangu! Ni mimi huzivaa nikienda kuteka maji. Zinanibana, kisigino kinabaki nje, lakini nasikia ni kama bado yuko. Nilidhani umelala."

Tukatoka mbio. Tulimpata Nzioki karibu na kanisa, akaturuhusu kupekua. Tulifukua maganda ya viazi, majivu na nepi. Tulipata moja tu, ile ya waya.

Nilimwomba Baba msamaha. Aliiosha ile patipati polepole kabla ya kunijibu.

"Kuogopa si kosa," akasema. "Kosa ni kunificha jambo, kisha ukanidanganya. Picha ya mamako iko ukutani, lakini picha haitembei. Mambo madogo ndiyo husahaulika kwanza, na wa kuyatunza ni mimi na wewe. Ukikumbuka lolote, niambie."

Nikafikiri kidogo. "Alikuwa akionja chai kwa mwiko."

"Halafu anasema haina sukari," Baba akasema, akicheka na kujifuta macho.

Jumatatu alfajiri nilisikia Baba akichukua mtungi. Nikatoka nyuma ya pazia.

"Baba, leo nivae mimi."

Mguu wa kulia nikavaa yangu, wa kushoto nikavaa ile ya waya. Ilinitosha kuliko nilivyodhani. Nikatangulia kwenda mferejini, na Baba akanifuata nyuma polepole, akisikiliza.