Dawa Iliyotiwa Kwenye Chai

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Adventina alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuchota maji, na kumpelekea bibi yake kuni jikoni. Hapo kijijini kwao, Ndama, kulikuwa na bomba la maji, lakini lilitoa maji siku lilipojisikia. Wakubwa walikuja kulizindua, wakakata utepe, wakapiga picha, wakaondoka. Tangu hapo bomba na wananchi walibaki kutazamana. Kwa hiyo asubuhi nyingi Adventina alishuka bondeni, akapanda na dumu kichwani, na bado mwalimu wa zamu alimngoja getini na saa yake mkononi.

Jumatano moja ya msimu wa kahawa aliingia jikoni na mzigo wa kuni. Moshi ulikuwa umetanda mpaka macho yakamtoka machozi. Bibi Kokwijuka alikuwa amekaa kando ya mafiga akimenya ndizi, na kifua chake kikipiga filimbi. Haikuwa filimbi ya furaha. Kila pumzi ilitoka kana kwamba inaomba ruhusa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwijukuru wangu. Nisogezee kikombe changu, ninywe dawa yangu niimalize."

Bibi alifungua fundo la kanga akatoa ile pampu ndogo ya buluu waliyopewa zahanati. Akaielekeza kwenye kikombe cha chai ya mchaichai. Pss! Pss! Akakoroga kwa kijiti, akanywa mpaka mwisho, akakunja uso.

Kuni zilimdondoka Adventina miguuni.

"Bibi! Unafanya nini?"

"Si nakunywa dawa? Wewe mwenyewe uliniambia ninywe, asubuhi mara mbili na jioni mara mbili. Ikiwa kavu inanikwaruza koo, ndiyo nikaona niitie kwenye chai." Bibi akacheka, lakini kikohozi kikakidaka kicheko katikati, akakohoa mpaka akashika ukuta.

Adventina aliziokota kuni moja moja. Alijua kosa lilikotoka.

Wiki tatu nyuma alikuwa amemsindikiza bibi zahanati. Nesi Restuta, muuguzi wa pale, kwao ni Sengerema, na Kinyambo, lugha ya hapa, hakijui. Bibi naye, Kiswahili chake ni salamu na majina ya watakatifu. Mkalimani akawa Adventina. Siku hiyohiyo darasa la sita walikuwa wanacheza netiboli na darasa la saba, na yeye ndiye mfungaji wao. Nesi alieleza kwa kirefu: tikisa, toa pumzi yote, weka mdomoni, bonyeza mara moja, vuta polepole, bana pumzi mpaka uhesabu kumi, pumzika, rudia. Wakati anaeleza, filimbi ya mwalimu ikalia kwenye uwanja wa shule, jirani na zahanati. Miguu ya Adventina ikaanza kuwasha. Maelezo yote yale akayafupisha kwa Kinyambo: "Amesema unywe. Asubuhi mara mbili, jioni mara mbili."

Kwa Kinyambo hata tumbaku hunywewa, kwa hiyo hakuona kwamba amedanganya. Lakini nesi alipouliza, "Ameelewa?" Adventina alijibu haraka, "Ameelewa," bila hata kumgeukia bibi. Hapo ndipo alipodanganya.

Sasa alifungua mdomo aseme. Kabla neno halijatoka, mlango ukazibwa na kivuli cha baba yake, Cleophace, na panga la shambani mkononi. Cleophace alikuwa mgane. Tangu mkewe alipofariki hospitalini akingoja daktari aliyekuwa kwenye kikao, kila ofisi aliiona kama mlango uliofungwa kwa makusudi.

"Mama, bado hicho kifua?" akauliza. "Wiki tatu! Hii si dawa, ni hewa ya tairi. Na huyo nesi wao yuko wapi? Bukoba! Ameitwa semina. Semina ya magonjwa ya mapafu, eti! Mapafu yenyewe yako hapa yanalia, wao wako Bukoba wanayasoma ukutani na kula wali kuku!"

"Baba..." Adventina alianza.

"Nyamaza, naongea. Jumamosi anarudi. Hii pampu nitamrudishia mbele ya watu, na mtendaji wa kijiji aandike kwamba hatumtaki." Akaichukua pampu, akaitia mfukoni mwa koti. "Na nikigundua kuna mwingine aliyechezea pumzi za mama yangu, atanitambua."

Neno la Adventina likarudi lilikotoka.

Shuleni hakutulia. Alichonga penseli mpaka ikabaki kipande. Mwalimu wa hisabati alimuuliza swali la sehemu, akajibu "Jumamosi," darasa zima likaangua kicheko. Wakati wa mapumziko rafiki yake Nikuze alimvuta pembeni.

"We mtoto, umekalia siafu? Tangu asubuhi unajinyonganyonga tu."

Adventina akamweleza yote. Nikuze alitaka kucheka aliposikia habari ya chai, akauona uso wa mwenzake, akaacha.

"Mwambie baba yako leo," alisema.

"Atanichapa."

"Atakuchapa, ndiyo. Fimbo ya baba yako itaisha leo jioni. Bibi yako akifa, hiyo haiishi."

"Kwako ni rahisi kusema."

"Ndiyo, ni rahisi. Si bibi yangu."

Jioni alijaribu. Alimfuata baba yake kwenye mkeka wa kahawa, akazigeuzageuza buni zilizokwisha kugeuzwa, akasema, "Baba, ile dawa..." Baba akadakia, "Usinitajie dawa yao!" Alhamisi alijaribu tena, akaishia kuuliza kama majembe yanahitaji kunolewa. Angemfundisha bibi mwenyewe, lakini afundishe nini? Yale maneno hakuyasikiliza, aliisikiliza filimbi. Na pampu ilikuwa kwenye koti la baba. Ijumaa bibi hakuweza kumenya ndizi mbili bila kupumzika. Alikaa ameegemea ukuta, mabega yakipanda na kushuka, na chakula akakikataa. Adventina alizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Jumamosi asubuhi Cleophace alimpandisha mama yake kwenye bodaboda, yeye na Adventina wakafuata mbiombio kwa miguu. Zahanati ilikuwa imejaa. Mtendaji wa kijiji naye alikuwepo, ametangulia na daftari lake. Nesi Restuta alikuwa ndiyo kwanza anaweka begi la safari chini.

Cleophace hakusalimia. Aliitupa pampu juu ya meza.

"Chukua hewa yako! Umekwenda kula semina, mama yangu anakufa. Mtendaji, andika!"

Nesi Restuta alimtazama Cleophace, kisha akamtazama bibi, na kwa bibi ndiko alikokwenda. Akamkalisha wima, akaweka kifaa cha kusikilizia kifuani, akasikiliza mbele na nyuma.

"Baba Adventina, utanisema mpaka utosheke," alisema. "Kwanza mama. Adventina, mwambie bibi hivi: anioneshe anavyotumia hii dawa. Asinieleze. Anioneshe."

Safari hii Adventina alitafsiri lote. Bibi akaipokea pampu, akatazama huku na huku, akasema kwa shida:

"Basi... nileteeni kikombe."

"Anataka kikombe," Adventina alisema, sauti imekwisha.

"Cha chai au cha uji?" mama mmoja kwenye foleni akauliza, na watu wakacheka.

Cleophace hakucheka. Mishipa ilimsimama shingoni. "Kikombe? Mnaona? Amemfundisha mama yangu kutia dawa ya kuvuta kwenye kikombe! Nesi wa namna gani huyu? Mtendaji, unangoja nini?"

Mtendaji akafungua daftari, akafunua kalamu. Nesi Restuta aliitazama kalamu. Alikuwa anakumbuka siku ile, na hakuwa na shahidi. Shahidi alikuwa mmoja tu, na alikuwa amesimama pale kando ya bibi.

"Si yeye!" Adventina alisema. Ilitoka kwa kelele kubwa kuliko alivyotaka. "Si yeye, baba. Nesi alisema avute. Alieleza yote. Mimi nilikuwa na mechi. Nikamwambia bibi anywe. Nesi akaniuliza kama ameelewa, nikasema ameelewa. Sikumuuliza."

Mkono wa Cleophace ulinyanyuka. Ukakaa hewani. Bibi alikuwa hajaelewa maneno, lakini mkono aliuelewa, akaushika kwenye kiwiko akaushusha, na hata kwa pumzi ile iliyobaki alikuwa na nguvu za kutosha.

"Kosa si lake peke yake," Nesi Restuta alisema. "Na mimi ninalo. Miaka sita nimewagawia watu hizi pampu kama ninavyogawa vidonge. Nasema, nauliza 'umeelewa?', mtu anaitikia, namwita anayefuata. Mimi mwenyewe sikuwahi kuoneshwa mpaka juzi Bukoba. Mwalimu alitupa kila mmoja pampu tupu, akasema tumwoneshe. Tulikuwa wauguzi ishirini. Waliopatia walikuwa watatu, na mimi sikuwemo. Akatuambia: mgonjwa hajaelewa mpaka akuoneshe."

Alitoa kwenye begi chupa tupu ya plastiki ya maji, akaitoboa kitako kwa kisu alichokipasha moto, tundu la kutosha mdomo wa pampu. "Kwa mama mwenye pumzi fupi, hii inasaidia. Dawa inakaa humu ndani, anaivuta polepole. Adventina, njoo. Neno kwa neno."

Adventina akasogea. Tikisa, akasema kwa Kinyambo. Toa pumzi yote, bibi. Mdomo kwenye chupa. Nesi akabonyeza, pss. Sasa vuta, vuta polepole kama unavyonusa chakula. Bana. Akamhesabia kwa vidole: emo, ibiri, ishatu, mpaka kumi. Wakarudia. Wakangoja. Foleni yote ilikuwa inangoja, hata yule mama wa uji.

Ilipita robo saa. Mabega ya bibi yakaanza kushuka. Filimbi ikapungua, ikawa ya mbali. Bibi akavuta pumzi moja ndefu, akaonekana kushangaa imeingia yote.

"Kumbe ni ya kuvuta!" alisema. "Na chai yangu yote ile nikaiharibia ladha."

Adventina alitafsiri huku analia.

Cleophace alivua kofia. "Nesi, nimekutukana mbele ya watu. Mbele ya watu naomba radhi." Kisha akamgeukia mtendaji. "Lakini wewe usifunge hilo daftari. Andika kwamba nesi alikaa miaka sita bila kufundishwa, na aliletwa kwa watu wasiojua lugha yake bila mkalimani. Hilo si kosa la mtoto. Waandikie wakubwa, wasome."

Mtendaji aliandika. Kama walisoma, hilo jingine.

Nesi Restuta aliwaeleza kwamba mapafu ya bibi yamechakazwa na moshi wa miaka mingi, kwamba dawa hufungua njia lakini haiwezi kushindana na jiko lisilo na dirisha. Kesho yake baada ya misa, Cleophace alivunja ukuta wa jiko kwa sururu, akaweka madirisha mawili. Adventina alimsogezea udongo. Kutwa nzima alingoja fimbo, na kila baba alipoinama kuokota mti aliruka.

"Acha kurukaruka," baba alisema mwishowe, bila kugeuka. "Sikuchapi. Wakubwa nawalaumu, na nitawalaumu mpaka nizikwe, maana wanayo ya kulaumiwa. Lakini jana nilikuwa namfukuza mtu aliyetaka kumponya mama yangu, kwa sababu sikuuliza. Na wewe hukuuliza. Sikiliza, mwanangu. Kusema 'sijaelewa' ni aibu ya dakika moja. Wewe ulisema 'ameelewa' ili uwahi mpira, na aibu hiyo bibi yako ameibeba kifuani wiki tatu. Siku nyingine mtu akikuuliza kama umeelewa, na hujaelewa, mwambie. Hata kama filimbi imelia."

"Nimeelewa, baba," alisema Adventina.

Cleophace aliweka sururu chini, akamtazama.

"Nioneshe," alisema.