Kifaranga Aliyetafuta Paa

Kila asubuhi, ukungu wa Masisi ukiwa bado umelala bondeni, Annonciata alipita kwa bibi yake mzaa mama kumtekea maji. Bibi huyo, Mukasine, aliyeitwa Nyogokuru na wajukuu wote, alimpa kiazi kilichookwa majivuni. Annonciata alikila njiani, akikirusha mkono huu na ule kwa sababu ya moto, huku akijiuliza maswali. Kwa nini moshi hupanda? Kwa nini ng'ombe hawapigi chafya? Alikuwa mtoto wa maswali tangu alipoanza kusema.

Mwaka ule wa 1955, swali moja halikuwa la mchezo. Paa la nyasi la darasa la tano lilikuwa limechoka. Mwalimu Léonard alilitazama, akatikisa kichwa.

"Mvua za mwezi wa tisa zikikuta paa hili hivi, darasa la tano litafungwa. Wavulana wataenda kusoma na kulala kule misheni. Nanyi wasichana..."

Annonciata alielewa. Misheni haikuwa na mahali pa wasichana kulala. Yeye angebaki nyumbani na jembe.

Ndipo akakumbuka lori la sinema. Mwezi uliopita lilikuwa limepanda kutoka barabara ya Sake na filamu ya katuni, yaani picha za kuchorwa zinazotembea, kuhusu mwanambuzi mwenye kofia aliyempoteza mama yake. Kilima kizima kilikuwa kimeshuka kutazama, hata wazee wa kushikwa mkono.

"Na sisi tufanye sinema ya vivuli," aliwaambia wenzake. "Kiingilio kiwe fungu la nyasi za kuezekea."

Walitundika shuka jeupe kwenye mlango unaoelekea machweo, wakaziba madirisha kwa mikeka. Watazamaji wangekaa ndani gizani. Watoto wangesimama nje, jua la alasiri likiwa mgongoni mwao, wakisogeza mbele ya shuka sanamu walizokata katika magamba makavu ya mgomba. Hadithi aliichagua Jean-Bosco, fundi wa vichekesho darasani: mkwe mlevi anayejikwaa na kuvunja mtungi wa mama mkwe wake. Wakati wa mazoezi walicheka mpaka machozi.

Siku ya maonyesho waliwaambia watu asubuhi, alasiri wakaanza. Walikuja wachache. Nyogokuru alikaa mbele, na nyuma kabisa alikaa mkwe wake, Papa Sebarenzi, baba yake Annonciata. Kivuli cha mlevi kilijikwaa, kikavuta nguo ya mama mkwe. Mara Papa Sebarenzi akajifunika uso kwa kofia, akatoka. Wanaume wengine wakamfuata, wakiinamisha vichwa. Mama mmoja akavuta watoto wake: "Twende! Hapa hapana heshima." Chumba kikabaki kitupu, na mafungu ya nyasi hayakutosha hata kuziba kona moja.

Jioni Papa Sebarenzi alikula peke yake kando ya moto. Annonciata akapiga magoti kando yake.

"Papa, unisamehe. Sikufikiri."

"Mutoto wangu, mama mukwe ni muntu wa kuheshimu sana. Namna gani nikae naye pamoja, tunaangalia mambo ya kuleta haya?"

"Lakini siku ya lori ulikaa. Na Nyogokuru alikuwa pale pale."

Baba akatafuna polepole. Kisha, bila kutaka, akatabasamu. "Ile iko ya kambuzi kenye kofia! Pale hakuna neno baya. Hata padri alicheka."

Annonciata alilala na jibu hilo, na kulipokucha akaenda kutafuta mengine. Alimuuliza mama aliyekuwa akipepeta maharage kwa nini alikwenda kutazama lori.

"Uniulize mimi?" mama yule akacheka. "Uulize hawa watoto! Watu wa lori walipita wiki nzima mbele na kile chombo cha kupaza sauti, wakafundisha wimbo wa kambuzi. Watoto waliimba asubuhi, waliimba usiku, mpaka nikasema: twende, nipumue! Mutoto mumoja alituvuta sisi watu saba."

Sokoni mzee mmoja alimwambia kwamba yeye aliona picha kubwa ya mwanambuzi kwenye mti wa soko. "Nilipita, nikaiona. Nikarudi, nikaiona. Nikasema, huyu sasa ni rafiki yangu, nitaenda kumusalimia."

Annonciata alirudi mbio kwa wenzake. "Nimejua! Filamu ile ilijaza watu kwa sababu mtu aliweza kukaa nayo pamoja na mama mkwe wake! Hakuna aliyelazimika kubaki nyumbani. Na waliitwa mapema, wakaitwa tena."

Wakatunga hadithi mpya: kifaranga ananyeshewa, anabisha hodi kwa konokono, kwa fuko na kwa ndege, akitafuta paa. Wakawafundisha wadogo wimbo wake. Wakachora kifaranga kwa mkaa juu ya mkeka, wakautundika sokoni.

"Bado haitoshi," alisema Jean-Bosco. "Tutangaze kwamba kifaranga atatoka ndani ya shuka na kugawa biskuti."

"Biskuti ziko wapi?"

"We! Wakisha kuingia, nani atauliza?"

"Watoto wote watauliza," alisema Annonciata. "Na siku nyingine tukiita, nani atakuja? Tutangaze kifaranga, shuka na wimbo. Basi."

"Kichwa ngumu kama mbuzi!" alinung'unika Jean-Bosco. Lakini alitangaza hivyo hivyo, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bonde.

Siku ilipofika, njia ya shule ilikuwa nyasi zinazotembea: mafungu juu ya vichwa, watoto mbele wakiimba. Papa Sebarenzi alikuja, akaketi nyuma ya Nyogokuru. Mlango na madirisha vikazibwa. Giza likaingia.

Hapo ndipo watu walipoinua macho. Paa zima lilikuwa limejaa matundu, na kila tundu liliwaka kwa jua.

"Nyota za mchana!" alisema Nyogokuru. "Kumbe watoto wetu wanasoma chini ya mbingu?"

Kicheko kikapanda, kisha kikafa watu walipoiwaza mvua. Kwenye shuka kifaranga alibisha hodi, akakataliwa, mpaka mama kuku akamfunika kwa bawa. Chumba kizima kikaimba. Papa Sebarenzi aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote, na mama mkwe wake akageuka akamcheka, naye hakujificha.

Jumamosi wanaume walipanda juu ya paa, Papa Sebarenzi akiwa wa kwanza, na nyasi zilitosha hata zikabaki. Nyogokuru aliketi chini akifunga mafungu kwa kamba.

"Nyogokuru," aliuliza Annonciata, "sasa hadithi zote ziwe za vifaranga tu?"

"Hapana, mjukuu wangu. Ziko hadithi za watu wazima, nazo zina siku zake. Lakini ukitaka kuita kilima kizima, usilete kitu cha kumfukuza hata mmoja. Uite mapema, uite kwa furaha. Halafu ulichotangaza, ndicho wakikute. Wimbo uliwaleta, lakini wamerudi leo kwa sababu hamkuwadanganya."

Annonciata alimpasia baba yake fungu jingine. Juu, nyota ya mwisho ikazibika.