Uzito wa Bawa la Kushoto

Bawa la kushoto lilikuwa zito, na Joviale alikuwa amechoka kulisema hilo mbele ya watu wasiotaka kusikia. Ndege yenyewe ilikuwa ya ajabu: mabawa marefu kupita kiasi, magurudumu mawili tu yaliyofuatana chini ya tumbo, imeletwa Goma kupaa juu kabisa na kupima moshi wa volkano ya Nyiragongo. Ikitua, rubani haoni ardhi vizuri. Joviale ndiye aliyeifukuzia kwa gari akimtajia kwa redio kimo kilichobaki. Ikisimama hulala upande mmoja, na watu huning'inia kwenye bawa lililoinuka mpaka ikae sawa, ndipo magurudumu ya kuegemea yafungwe.

Hodari wa kuning'inia upande wa kushoto alikuwa Sibomana. Malaria ilimwondoa ghafla, wakamzika asubuhi huko Kanyaruchinya. Kwao, atokaye makaburini hunawa mikono mlangoni pa msiba kabla ya kushika chochote, na mjane wake, Uwingabire, alikuwa ameshaweka maji. Lakini Kasereka, mkuu wa kikosi, akapiga simu: mawingu yanajaa, ndege inashuka mapema, njooni mbio. Wakaenda mbio wote, hata Joviale, udongo wa kaburi ungali kwenye kucha, wakalishika bawa hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo, kila Florent, rubani, alipopunguza mwendo huko juu kuyajaribu mabawa kabla ya kushuka, la kushoto lilitangulia kuzama. Alihamishia mafuta kulia, likazama vilevile. Mafundi wakapima matangi, yakawa sawa. Wakapima tena. Kasereka akafoka kwamba vipimo ni vibovu, kisha mafundi ni wabovu, kisha yule mama Joviale ana mdomo. Joviale alitamani kumtupia redio usoni.

Halafu ikaja harufu ya udongo mbichi, mchana kweupe, kwenye lami kavu chini ya ncha ya lile bawa. Ndege ikiwa imesimama, bila upepo, bawa lilikuwa likilia taratibu kama kitanda mtu anapojigeuza.

Safari iliyofuata, gari likiwa nyuma ya mkia, Joviale alitaja mita mbili, akataja mita moja, akaona ncha ya kushoto ikianza kushuka ingawa Florent alikuwa amevuta usukani wote kulia, ikashuka polepole, si kama kitu kinachoanguka bali kama kitu kinachovutwa na mikono inayoijua kazi yake, ikazidi kushuka mpaka chuma kikakwangua lami na cheche zikaruka na gari zima likajaa ile harufu, na kwenye redio Florent hakuwa akisema tena, alikuwa akisali.

Ndege haikupinduka. Florent alishuka, akasema safari nyingine itamuua, na kwamba ameshaamriwa aruke kesho.

Joviale alimfuata Kasereka ofisini.

"Chef, ni Sibomana," alinong'ona. "Tulitoka ku makaburi, hatukunawa mikono, tukakamata bawa. Sisi wenyewe ndio tulimuleta."

"Unataka niandike nini ku raporo? Muzimu?"

"Usiandike kitu. Uniache tu niite bibi yake, Uwingabire."

Kasereka alikubali shingo upande.

Uwingabire alikuja na beseni na jagi. Hakuwalaumu, na hilo liliwauma zaidi. Alimkabidhi Joviale jagi awamiminie wote mikononi chini ya bawa, Kasereka wa kwanza kwa kuwa ndiye aliyewaita, kisha maji yaliyobaki yamwagwe kwenye ncha. Mjane akaweka kiganja juu ya chuma.

"Papa ya batoto," alisema kwa upole, "kazi imeisha. Wacha bawa, enda upumzike."

Bawa lililia kidogo, likainuka lenyewe. Harufu ikakatika.

Kesho yake mabawa yote mawili yalizama pamoja kwenye jaribio, na Florent akatua vizuri mpaka akacheka redioni. Kasereka akatangaza kwamba kipimo kimetengenezwa. Joviale alimwacha aseme. Florent alikuwa hai, inatosha.

Jioni alipanda pikipiki ya kukodi getini kwenda nyumbani Katindo. Hawakufika mbali, pikipiki ikaanza kuvuta kushoto. Motari, mwendeshaji wake, aliirudisha barabarani akilaani tairi. Ikavuta tena, kwa nguvu zaidi. Kisha Joviale akasikia harufu ya udongo mbichi, ikitoka nyuma ya shingo yake, na akakumbuka kwamba jagi lilikuwa mkononi mwake tangu mwanzo hadi mwisho, aliwamiminia wote, na yeye hakuna aliyemmiminia.

Motari alisimamisha pikipiki, akageuka, akatazama nyuma ya Joviale kwa hasira.

"Mama, tulipatana bei ya mutu moya. Ambia huyu papa ashuke."