Mstari wa Arobaini na Moja

Foleni ya kliniki ya macho ilikuwa imejipinda mara mbili kama utumbo, na kila mtu ndani yake alikuwa na la kulalamikia. Huyu viti, yule joto, mwingine daktari. Mfumaji peke yake alinyamaza. Alikuwa amevaa gauni la kijani na kilemba cha rangi ya haradali, sindano zake mbili zikigongana upesi upesi, uzi wa sufu ukipanda kutoka mkobani.

"Dada, samahani. Umeruka kitanzi hapo."

Aligeuka. Kando yake aliketi kijana mwembamba, shati jeupe limefungwa vifungo hadi kooni, kidole cha shahada kina doa la wino.

"Kaka, umekuja kutibiwa macho au kuyatangaza?"

Watu walicheka. Kijana naye akacheka, ingawa masikio yalimwiva.

"Ndiyo kazi yangu. Ni msahihishaji kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu. Wenzangu wananiita Nukta, maana hata nukta ikipotea naiona."

"Basi, Bwana Nukta, hapo sijaruka kitu. Hilo ni tundu la kidole gumba. Nafuma glavu za karani wa riwaya moja kongwe. Ofisi yake haikuwashwa moto, basi vidole vinabaki nje ili ashike kalamu."

"Riwaya imesema hivyo?"

"Riwaya imesema alipata baridi. Mengine nimeyaona mwenyewe."

Nukta alipoitwa kwa daktari, hakusikia. Aliitwa mara tatu.

Mfumaji alikuwa akiandika kitabu cha maelekezo ya kufuma, mstari kwa mstari, mavazi kumi na mawili yaliyotoka katika riwaya za zamani na tamthilia za enzi za magauni yanayoburuza sakafuni. Alikuwa akisimamisha picha kwenye televisheni, anaisogelea mpaka pua inakaribia kioo, anahesabu vitanzi vya shali ya mjakazi aliyepita nyuma ya malkia. Malkia mwenyewe hakumjali. "Malkia anashonewa," alikuwa akisema. "Mjakazi anafuma mwenyewe."

Miezi minane walipendana. Nukta alimletea riwaya zilizochakaa majalada. Mfumaji naye alimfumia fulana ya nahodha wa riwaya mojawapo.

"Mpenzi, fulana inawasha," alilalamika Nukta kwenye simu.

"Nahodha hakulalamika."

"Nahodha alizama, roho yangu. Ulinisomea mwenyewe."

"Alizama akiwa amependeza."

Kitabu kilipokamilika, kilipelekwa kuchapwa kwenye kiwanda cha Nukta, naye ndiye aliyekisahihisha. Vazi la mwisho lilikuwa shali ya mjane. Katika riwaya, mjane anafuma, barua ya kifo cha mumewe inaingia, na mwandishi anasema tu kwamba aliendelea kufuma. Mfumaji hakuliamini neno hilo. Kwenye mstari wa arobaini na moja, majani ya shali yaliyokuwa yakilalia kushoto yanageuka ghafla na kulalia kulia, mistari mitatu, kisha yanarudi. Mgeuko huo hakuubuni. Mama yake mzazi alikuwa akifuma shali kwenye ukumbi wa hospitali siku baba alipokata roho. Alikosea hapohapo, mistari mitatu, na hakuifumua kamwe. Siri hiyo Mfumaji hakumwambia mtu, hata Nukta. Alitaka Nukta aione mwenyewe, kama yeye alivyoyaona matundu ya glavu.

Nukta aliona majani yaliyogeuka. Akayarudisha kushoto, mstari wa arobaini na moja hadi arobaini na tatu, akajisifu moyoni, na mitambo ikanguruma.

Siku ya kupokea vitabu, Mfumaji alifungua ukurasa wa mwisho hapohapo kiwandani, katikati ya harufu ya wino na gundi. Uso ukamkauka.

"Nani amegusa hapa?"

"Mimi, mpenzi. Ulikuwa umekosea, nikakuokoa na aibu."

"Umeniokoa?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Wewe unapita kwenye maisha ya watu na kalamu nyekundu. Huwezi kupenda kitu mpaka kwanza ukinyooshe."

"Niambie basi kilikuwa na maana gani."

"Usiponiuliza kabla, usiniulize baada. Na usinipigie tena mpaka niseme."

Akatoka. Machozi yalimshika mlangoni, hakugeuka.

Hapo ndipo wawili hawa walipokosea kosa la watu wa karatasi. Mfumaji aliamini kwamba mwanamume anayempenda angepiga tu, katazo au si katazo. Nukta naye, aliyeishi kwa kufuata kilichoandikwa, alilishika katazo kama lilivyotamkwa. Asubuhi na jioni aliiweka simu mezani akaitazama. Wiki ya kwanza ikapita. Mfumaji aliingia hata bafuni na simu, kaiviringisha kwenye taulo. Wiki ya pili alifuma soksi, akafumua, akafuma, akafumua, mpaka uzi ukachakaa na kukatika. Alimsimulia mama yake ugomvi wote kwa simu, akakata kabla hajajibiwa. "Hakunipenda," aliuambia ukuta. Ng'ambo ya mji, Nukta alikuwa akiuambia ukuta wake hilohilo.

Wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi, moyo ulimshinda. Akapiga. Simu ya Nukta ilikuwa imezimwa. Akapiga tena, na tena, mara kumi na moja, kisha akapiga kiwandani. Alipokea mama msimamizi wa mitambo.

"Nukta? Umechelewa, binti yangu. Aliomba uhamisho wa tawi la mbali, safari ya siku mbili. Gari la kampuni linamchukua saa sita."

"Leo?"

"Leo. Ulidhani mwanamume ni sindano, ukimwangusha unamkuta palepale?"

Saa tano ilikuwa imeshapita. Mfumaji alikimbia na viatu vya ndani, kilemba kikamwanguka njiani, hakukiokota. Alipanda ngazi za ghorofa ya tatu akihema, akausukuma mlango bila kubisha.

Chumba kilikuwa kitupu, masanduku mawili yamefungwa. Nukta alikuwa ameketi juu ya moja, sindano za kufumia mkononi, na kwenye magoti yake kulikuwa na kipande cha shali kibaya kuliko vyote duniani.

"Usiondoke," alisema Mfumaji.

"Hukuniambia nipige."

"Nilikungoja uvunje amri, mjinga wee!"

"Nami nilikungoja uifute, mpaka leo alfajiri nikaizima simu." Alikitazama kile kipande. "Nimefuata mswada wako. Nimefika arobaini na moja mara sita. Nikigeuza majani, mkono unayarudisha. Nieleze, mpenzi. Mimi naona kosa. Huzuni siioni mpaka niambiwe."

Mfumaji akaketi sakafuni, akamwambia yote: ukumbi, benchi, muuguzi aliyetoka akiwa amevua kofia, vidole vya mama ambavyo havikusimama. Nukta alilia bila kujificha. Chini, honi ilipiga.

"Nimetia saini, mpenzi. Mwaka mzima. Siwezi kubaki."

"Nenda. Lakini hutoki humu kama mtu niliyegombana naye. Nataka utoke kama mchumba wangu. Niitikie, la sivyo nitaruka dirishani."

"Wewe ndiye unayeposa?"

"Ukisubiri ruhusa tutazeeka."

Mfumaji akampigia mama yake, akafungua spika.

"Shikamoo, mama. Nipo na Nukta."

"Marahaba. Yule aliyekinyoosha kilio changu?"

Nukta alifumba macho. "Ndimi, mama. Nisamehe. Sikujua."

Honi ikapiga mara ya pili.

"Baba," alisema mama taratibu, "hayo majani nimetamani miaka ishirini mtu ayarudishe. Mimi sikuyaacha kwa urembo. Mikono ilikataa. Huyu binti yangu kayafanya mapambo, akakasirika nawe kwa niaba yangu, wala hakuniuliza."

Mfumaji aliinamisha kichwa. Aibu na ahueni vilimjaa kwa pamoja, hata asijue kipi kinamliza.

"Haya," mama aliendelea, "nasikia honi inawasumbua. Mmoja aniambie upesi: mmenipigia kwa habari ya shali au kwa posa?"

Wakatazamana. Nukta akamshika mkono, akausogeza mdomo karibu na simu.

"Posa, mama."

"Basi mwambie dereva asubiri. Posa yangu haipokelewi mbiombio."