Uzi wa Nne

Asubuhi hiyo Besi alipofungua boksi la gitaa lake la besi, uzi wa nne, ule mnene kuliko wote, ulikuwa wa moto. Nyuzi nyingine tatu zilikuwa baridi kama siku zote, lakini huo ulikuwa na joto la kitu kilichoshikwa usiku kucha. Aliupitishia kitambaa akajisemea labda ni hali ya hewa. Nani anapenda kuanza siku yake na wazo baya?

Jina la Besi lilikuwa limemganda hata mama mkwe wake alimwita hivyo. Alipiga kila kitu: dansi wikendi, kwaya asubuhi, jazi hotelini, na lile tangazo la sabuni lililowakausha watoto wa mtaa sauti kwa kuliimba lilikuwa lake. Hakuwa akiandika nota. Nyimbo zote alizitunza kichwani, na mkewe alimtania kwamba siku akishikwa na mafua atazipiga chafya zimwishe. Wimbo mmoja tu haukuwahi kutoka nje ya jikoni mwao. Alimtungia mkewe mwaka ule walipompoteza mtoto, na ndio uliomwinua mama wa watu kitandani. Huo haukuwa wa kurekodi.

Mchana bendi ilikutana kufanya mazoezi kwenye ghala la nyuma ya gereji. Asali, mwimbaji wao na rafiki wa Besi wa kufa na kuzikana, alikuja na wimbo mpya. Alipoanza tu kuimba, vidole vya Besi vikatangulia vyenyewe. Vilijua pa kukata kona kabla mwenyewe hajajua.

"Aisee, hapa umetunga kitu!" Besi akamwambia. "Umeutoa wapi?"

Asali akainama kufunga kamba za viatu. "Umenijia tu, kaka."

Jioni Besi alimwimbia mkewe kipande chake. Mkewe akaacha kukata vitunguu.

"Huo si wake, ni wako. Umeupiga hapa wiki nzima mpaka nikakuomba unihurumie."

"Mimi?"

"Wewe, nani mwingine?"

Akamtajia mwingine, kisha mwingine, zote Asali alikuwa ameshaziimba redioni. Besi hakukumbuka kuutunga hata mmoja. Alipozitafuta kichwani, mahali pake palikuwa patupu, pamefagiliwa.

"Na wa kwangu?" mkewe akauliza polepole.

Besi alifumba macho, akagonga gonga meza, akaupata. "Upo." Wote wawili wakashusha pumzi.

Akaukumbuka ule uzi wa moto, akazivua nyuzi zote azichemshe. Wapiga besi ndivyo wafanyavyo nyuzi zikichoka: unazitia kwenye maji yanayotokota, mafuta ya vidole yanatoka, sauti inarudi. Alikuwa na sufuria yake kwa kazi hiyo, maana za mkewe alishapigwa marufuku. Tatu za kwanza hazikuwa na neno. Alipoutia wa nne, maji yakanyamaza. Moto ulikuwa unawaka vilevile, lakini maji yalitulia tuli, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda ikajaa jikoni, na kutoka humo ndani, chini kabisa, sauti isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke ikaanza kuguna nyimbo, zile za dansi, kisha za kwaya, kisha ule wa sabuni, bila haraka, kama mtu anayeonja sahani moja baada ya nyingine akitafuta ambayo bado hajaila, na Besi akasimama na koleo mkononi asiweze hata kurudi nyuma, kwa sababu alijua ni upi ulikuwa umebaki.

"Huu uzi ulipewa na nani?" mkewe akanong'ona.

Besi akaweka koleo chini. "Asali. Wangu ulipokatika."

Mganga waliyemwita kesho yake alikuwa mama mmoja mwenye haraka zake, aliyeegesha gari vibaya nje na kila mara akichungulia dirishani. Aliunusa uzi mara moja. "Jini wa kutumwa. Rudisheni nyuzi kwenye gitaa, akatwe akiwa kwake. Aliyemleta ndiye akate. Na wewe mwenye gitaa utageukia ukutani. Ukimwona anatoka, atarudi nawe."

Asali alikuja. Besi aliomba moyoni akane, lakini hakukana.

"Niliishiwa, kaka. Niliomba nyimbo tu. Sikujua zitakutoka kichwani."

"Ungeniomba mimi," Besi alisema. "Ningekupa."

Asali alilia machozi ya kweli, akachukua koleo. Besi akageukia ukutani. Akasikia meno ya koleo yakibana, kisha uzi ukakatika kwa mlio mmoja mfupi.

Besi alizijua nyuzi zake nne kama mama anavyojua kikohozi cha kila mwanawe. Uliokatika ulikuwa wa tatu. Na Asali, aliyeimba juu ya nyuzi hizo tangu ujana wao, asingeweza kuukosea. Usaliti wa kwanza Besi alikuwa ameshaanza kuusamehe. Huu wa pili ulimkata maini.

"Tayari, geuka," mganga alisema, funguo za gari mkononi.

Besi aligeuka aseme ni uzi gani uliokatwa. Lakini mkewe, kwa furaha, alikuwa ameshaanza kuguna wimbo huku akifuta machozi, wimbo wa taratibu, mtamu ajabu.

"Mzuri sana huo," Besi akamwambia. "Wa nani?"

Mkewe akakatiza katikati ya mstari, mkono mdomoni.

Na pale mlangoni, akiwa ameinama kuvaa viatu, Asali akauendeleza kuanzia hapo ulipoachwa, mpaka mwisho.